Tulivuja nyuma, tukabadilisha mbele

Wadau, ile 5-1 ya Novemba 5, 2023 haijazikwa mpaka leo. Juzi imefufuka tena kwenye kijiwe chetu cha kahawa, na mimi Mwanasimba nikabaki nasikiliza tu.

Mzee mmoja kashikilia kwamba mchawi alikuwa Robertinho. Kweli, alitimuliwa siku chache baada ya kipigo. Dogo wa bodaboda akamkatiza: "Sasa mzee wangu, Baleke anaachwa Januari, Robertinho alikuwepo?" Kijiwe kikalipuka.

Mimi nipo na dogo. Ukila tano, kunavuja nyuma. Sisi dirisha dogo la Januari 2024 tukang'oa mbele: Jean Baleke na Moses Phiri wakaondoka, wakaja Freddy Koublan na Pa Omar Jobe. Mastraika wawili wageni, katikati ya msimu, ligi inakimbia! Na huyo Baleke kutua Yanga miezi michache baadaye sitaki hata kulizungumzia.

Kinachouma ni hesabu. Msimu ulipoisha, Simba pointi 69, Azam pointi 69. Azam wakawa wa pili kwa tofauti ya mabao. Mabao, jamani! Wao wakaenda Ligi ya Mabingwa, sisi tukaangukia Kombe la Shirikisho.

Mzee akatabasamu: "Na huko Shirikisho 2025 si tulifika fainali?"

Tulifika, mzee wangu. RS Berkane wakabeba kombe. Kahawa yake nikailipia mimi.