Kabla ya Kutweka Tanga

Ukitafuta mtandaoni namna ya kujiandaa kwa safari ya kuvua samaki kwenye bahari za joto, utakutana na orodha ndefu hadi uchoke kusoma: fimbo za kuvulia za aina tatu, miwani ya kukata mng'ao wa maji, mafuta ya jua, dawa ya kichefuchefu, bima. Orodha hizo zimeandikiwa mtu anayeshuka kwenye ndege na kukuta boti ya injini mbili inamsubiri. Mimi nakwenda kuvua kwa mshipi, ndani ya ngalawa, nje ya Kigombe, kijiji kilicho kati ya Tanga na Pangani. Nahodha atakayeniongoza hakuniuliza habari za miwani wala bima. Aliniuliza: "Mama yako anajua?"

Nikamjibu kwa adabu kwamba nina miaka thelathini na nne. Hakucheka.

"Sijakuuliza miaka, mwanangu. Nimekuuliza mama."

Kumbe lilikuwa swali la kazi. Mtu aliyeondoka nyumbani kwa kujiiba, alinieleza baadaye, hukaa chomboni na mawazo yake, na ngalawa haina nafasi ya kubeba mtu pamoja na mawazo yake. Hilo la nafasi ni kweli tupu. Ngalawa huchongwa kwa gogo moja, mara nyingi la mwembe, na tumbo lake ni jembamba hivi kwamba magoti yako yanagusa mbao pande zote mbili. Bila mirengu ya pembeni ingelala ubavu kwa chafya tu.

Kwa nini naenda? Kwa miaka kumi nimeandika habari za uvuvi: baruti, leseni, bei za samaki pale Deep Sea, mjini Tanga. Zote nimezikusanya nikiwa nimesimama mchangani. Watu wanatoka majini, wananihadithia, wanarudi majini. Tena mimi ni mwanamke wa pwani, na kwetu mwanamke huingia baharini kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa, akatoka kabla hayajajaa. Ndivyo bibi yangu alivyochokoa pweza miambani hadi uzeeni. Upande wa pili wa mwamba, pale kina kinapoanza, alikuwa akiuita "kwa wanaume", kama mtu anayetaja chumba cha jirani.

Maandalizi yalianzia kwenye tarehe. Nilishaomba likizo ya siku nne, nikampelekea nahodha siku zangu. Akahesabu kwa vidole, akazikataa zote. Ziliangukia bamvua.

Kwa asiyejua: mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, na mkondo hulegea. Hayo ni maji mafu. Mvuvi wa mshipi huyataka maji mafu, maana chubwi, kile kipande cha risasi kinachozamisha ndoano, hushuka wima hadi kwenye mwamba. Siku ya bamvua mkondo huuchukua mshipi kando, ukadhani unavua chini kumbe unavua pembeni. Bibi yangu yeye aliisubiri bamvua kwa hamu, kwa kuwa ndiyo iliyomfunulia miamba ya pweza. Walikuwa wanasoma mwezi uleule, yeye na wavuvi wa mshipi, na kila mmoja akachukua siku zake. Nimezaliwa katikati ya kalenda hizo mbili na hakuna hata moja niliyofundishwa shuleni.

Mhariri wangu alipata tabu kukubali kwamba likizo inaweza kusogezwa kwa sababu ya mwezi. Nilimwambia ashukuru sijaisogeza kwa miezi. Kusi, upepo unaovuma tangu mwezi wa nne hadi wa tisa hivi, kikishika kasi hakimtaki mgeni, na kaskazi nayo ina siku zake. Tunakwenda katika malelezi, ule muda wa kati ambapo pepo hizo mbili zinapokezana na bahari inalala kidogo.

Kama unadhani haya ni mambo ya wazee wasio na GPS, pita Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, palipo na magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Mwezi wa nne 1498, meli za Vasco da Gama zilipita hapo zikipanda kaskazini, na mojawapo, São Rafael, ikakwama kwenye fungu. Wenyeji walizifuata kwa mitumbwi, mmoja umejaa machungwa ambayo Wareno wenyewe waliandika kwamba ni mazuri kuliko ya kwao. Maji yalipojaa, meli ikaelea. Baadaye, Malindi, wakapewa rubani wa kuwavusha hadi India. Mwaka uliofuata, wakati wa kurudi, mabaharia wengi walikuwa wamekufa, na São Rafael ikachomwa moto kwenye mafungu hayohayo kwa kukosa watu wa kuiendesha. Historia ya shuleni ilinifundisha jina la nahodha mgeni. Kujaa na kupwa kwa maji, jambo lililoikwamisha meli na kuikwamua, halikuwemo kwenye mtihani.

Nahodha wangu huipata miamba kwa kupanga alama za nchi kavu: mnazi fulani ukikaa chini ya kilele fulani cha Usambara, na paa la bati likijitokeza nyuma ya mikoko, hapo tia nanga. Nilimwomba anitajie miamba ya karibu niiandike. Akanitajia mingi, halafu akaanza kuirudia mmoja mmoja: huu umekufa, huu umekufa, huu unapumua kidogo. Baruti iliitesa pwani ya Tanga kwa miongo. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na vifaranga vyao, kisha huvunja matumbawe yakabaki kifusi, na matumbawe hayaoti kama majani. Ndiyo maana safari yetu ni ndefu kuliko alizofanya baba yake. Kolekole, changu na chewa hawajahama kwa kupenda.

Kuna kiumbe mmoja nisiyetakiwa kumtafuta. Silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini alitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kunaswa kwenye majarife ya Tanzania kuanzia 2003, na wengi wao ni wa pwani hii hii. Hifadhi ya bahari yenye jina lake ilitangazwa 2009. Anaishi kwenye mapango ya kina kirefu, mshipi wangu hautamfikia. Lakini nahodha alisisitiza: hifadhini unaingia na kibali, na samaki wa kuachwa anaachwa. Kibali kimepatikana baada ya kuulizwa mara tatu kama nakwenda kuvua au kuandika. Nilijibu vyote viwili.

Basi, orodha yangu ni hii. Maji lita tano. Mihogo ya kuchemsha na tende. Ndimu za kunusa. Shati la mikono mirefu, suruali chini ya dera, kofia yenye kamba. Jaketi la kujiokolea, ambalo nahodha alilikagua mshono kwa mshono. Kipande cha mpira wa baiskeli cha kuvaa kidoleni, mshipi usinikate. Na fundo la ndoano, ambalo nimelifunga kila usiku kwa wiki mbili, mwisho nikilifunga gizani, maana kule tutaanza kabla ya jua, na umande, ule upepo wa nchi kavu, ndio utakaotutoa nje.

Swali la mama nililiacha mwisho. Kaka yake, mjomba wangu mdogo, aliondoka na ngalawa mwezi wa kusi kabla sijazaliwa. Kilichorudi ni upondo tu. Nyumbani kwetu hatujawahi kuwa na matanga yake kwa sababu bibi alikataa; alisema msiba hauanguliwi bila maiti. Alikufa angali anamsubiri.

Nilimweleza mama jikoni, akiwa anakuna nazi. Mbuzi haikusimama. Akaniuliza nahodha ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba yake. Mkono ukapunguza mwendo.

"Yule mzee alikuwa akirudi mikono mitupu mara nyingi," alisema. "Watu walimcheka. Akiona wingu tu, anageuza."

"Na mwanawe?"

"Kama amefuata baba yake, nenda."

Kisha akaomba jambo moja. Tukishapita mwamba, nikiwa kule bibi alikokuita kwa wanaume, nisimwite mjomba kwa jina. Hakunieleza kwa nini, nami sikuuliza. Nimelifunga pamoja na ndimu na mshipi. Mwezi umefika nusu, na jana jioni nahodha alituma ujumbe wa maneno mawili: "Maji yamekufa."