Viti Vinne vya Basi la Usiku

Katika nchi iliyotulia, familia hupanga safari kwa kuzingatia mambo machache: nauli, ruhusa ya kazini, hali ya barabara na afya ya wasafiri. Sisi Wakenya tumeongeza jambo la tano, nalo ni tarehe. Kabla ya kukata tiketi, mtu hutazama kalenda na kujiuliza kama siku anayoitaka haijachukuliwa tayari na historia. Tarehe 25 Juni ni siku ambayo vijana waliingia Bungeni mwaka 2024 wakiupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 7 Julai ni Saba Saba, siku ya mkutano wa Kamukunji wa mwaka 1990 wa kudai mfumo wa vyama vingi, ambao viongozi walioupanga, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walitiwa kizuizini siku chache kabla haujafika. Halafu kuna Agosti ya kila mwaka wa tano, mwezi wa uchaguzi, ambapo wakazi wengi wa mijini huwapeleka wake na watoto mashambani mapema, kisha hurudi peke yao kusubiri matokeo.

Ningependa kueleza uamuzi mmoja ambao familia yangu ilikabiliana nao mwanzoni mwa Julai 2025. Haukuwa uamuzi wa kishujaa. Ulihusu viti vinne vya basi. Hata hivyo, umenifunza juu ya siasa zetu mambo ambayo sikuyaona katika miaka mingi ya kufundisha darasani.

Mama yangu anaishi Kakamega. Alikuwa amepangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho asubuhi ya Jumanne, tarehe 8 Julai, baada ya kuisubiri zamu yake kwa miezi mitano. Sisi tunaishi Mombasa. Tulikata tiketi za Jumapili usiku: mimi, mke wangu, binti yetu anayesoma chuo kikuu, na mdogo wake wa miaka mitatu ambaye nyanya yake alikuwa akimfahamu kwa sauti kuliko kwa sura. Tungefika Nairobi alfajiri ya Jumatatu, tubadilishe basi, na tuingie Kakamega jioni. Wakati tunazilipia tiketi hizo hakuna aliyekumbuka kwamba Jumatatu hiyo ilikuwa Saba Saba.

Tulikumbushwa na mwezi wa Juni. Tarehe 8, Albert Ojwang, mwalimu aliyekamatwa nyumbani kwao Homa Bay na kusafirishwa hadi Nairobi, alifia mikononi mwa polisi. Tarehe 17, mchuuzi wa barakoa, Boniface Kariuki, alipigwa risasi mchana kweupe katikati ya jiji. Tarehe 25, maandamano ya kuwakumbuka waliouawa mwaka uliotangulia yalizaa maiti nyingine. Siku hiyo Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo vya redio na televisheni viache kuyatangaza maandamano moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu ilipoisitisha amri hiyo. Kufikia mwisho wa mwezi, kila mtu alijua kuwa Saba Saba haingepita kimyakimya. Hakuna aliyejua ingepitaje.

Ndipo baraza letu la usalama likaketi mezani baada ya chakula cha jioni.

Mke wangu alitaka tuibadilishe safari, naye alikuwa na sababu yake. Januari 2008, baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzua machafuko, tulikwama Kakamega kwa wiki tatu. Katika barabara za Bonde la Ufa vijana walikuwa wameweka magogo na mawe, wakiwataka wasafiri watoe vitambulisho ili jina liwaambie kabila. Mke wangu ni mzaliwa wa Murang'a. Kitambulisho chake kingetosha kumshusha garini. Nchi nzima ilikuwa imefungwa kwa namna hiyo, hata nchi jirani, hasa Uganda na Rwanda, zikapungukiwa na mafuta kwa sababu malori hayakupita. Watu zaidi ya 1,100 walikufa kabla ya mapatano ya Februari 28. Tangu hapo mke wangu hamwamini mtu yeyote anayesema "mambo yatatulia kufikia asubuhi."

Binti yetu aliliona jambo hilo kwa jicho jingine. "Baba," aliniambia, "mwaka huo waliowazuia barabarani walikuwa majirani wenu. Safari hii atakayeziba njia ni serikali. Mkihamisha safari kwa hofu, si mmekwisha kuitii?" Akaongeza kwamba maandamano ya rika lake hayana kabila wala kinara, na kwamba hakuna kijana ambaye angeuliza jina la mama yake. Katika hilo alisema kweli, na ni hatua kubwa ambayo sisi wazazi tunachelewa kuitambua. Lakini risasi nayo haiulizi jina, na ndugu yake alikuwa na miaka mitatu.

Tulizichambua njia. Hapo ndipo nilipoutazama upya mchoro wa nchi yetu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na tangu wakati huo kila kitu kitokacho pwani kwenda magharibi hupita mahali pamoja. Barabara za mchepuo zipo, ila nazo zinauzunguka mji uleule. Ili kuikwepa Nairobi kabisa kwa njia kuu, ingetubidi tutoke kwa Taveta, tuikate Tanzania hadi ng'ambo ya Serengeti, na turudi nyumbani kwa mpaka wa Isebania. Yaani Mkenya angelazimika kuhama nchi ili aende kumwona mamake. Anayeifunga Nairobi ameikata Kenya vipande viwili.

Kisha tulitafuta habari. Balozi za kigeni huwa na desturi ya kuwapa raia wao ilani: epukeni eneo fulani, siku fulani, kwa sababu fulani. Raia wa nchi yenyewe hapewi ilani ya namna hiyo. Huambiwa kwamba serikali imejipanga, na kwamba wenye nia mbaya watakabiliwa vilivyo. Katika kauli hiyo msafiri hawezi kujua kama basi lake litapita, wala kama yeye mwenyewe atahesabiwa miongoni mwa wenye nia mbaya. Hivyo nilifanya yale ambayo kila Mkenya hufanya. Nilimpigia simu binamu anayeendesha matatu Nakuru, nikampigia mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Kangemi, nikasoma jumbe zilizosambazwa ambazo nusu yake zilikuwa uzushi. Serikali ina vyombo vya ujasusi. Mimi nilikuwa na simu yenye salio la shilingi 200.

Swali la kuahirisha upasuaji tulilimaliza haraka. Hospitali ilitujulisha kwamba atakayeikosa zamu yake atarudi mwisho wa foleni. Mama mwenyewe, nilipompigia, hakutaka kunisaidia kuamua. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nimezoea kutoona. Msije mkafa njiani kwa ajili ya jicho." Maneno hayo yalinikosesha usingizi zaidi ya habari zote za Juni.

Hatimaye tuliamua kutangulia. Tungeondoka Ijumaa usiku, tarehe 4, tuivuke Nairobi kabla haijafungwa. Gharama yake ilikuwa hivi: shilingi 500 za kubadilisha kila tiketi, mwenzangu mmoja chuoni kunisimamia mtihani wa Jumamosi, na mke wangu kuikosa harusi ya jirani ambayo yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kamati yake. Ziliuma, ila zililipika. Binti yetu alikubali kusafiri. Alikuja kwa ajili ya nyanya yake, si kwa sababu hoja zangu zilimshinda, nami sikutaka aseme vinginevyo.

Nilikwenda kubadilisha tiketi mwenyewe. Karani hakushangaa. "Mwalimu, wewe ni wa tisa leo," alisema. Kabla sijaondoka dirishani, mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliuliza kama basi la Jumapili lilikuwa na nafasi. Walikuwa wanne, walikuwa na mazishi Busia Jumanne, na mchango wa nauli ungekamilika Jumapili mchana baada ya ibada. Karani akamwekea viti vyetu vinne, namba zilezile.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Tulipoibadilisha safari yetu, hatari haikupungua hata chembe. Ilipata abiria wengine. Mimi niliweza kuihama tarehe kwa kuwa mshahara wangu hauhesabiwi kwa siku, kwa kuwa nina mwenzangu wa kunishikia zamu, na kwa kuwa shilingi 2,000 za ghafla hazinilazi njaa. Yule mama hakuwa na kimojawapo. Maiti haingoji, na nauli ya mchango haiji kabla ya siku yake. Tunapoambiana "usisafiri kama si lazima", tunasahau kwamba neno "lazima" lina uzito tofauti katika kila mfuko.

Alfajiri ya Jumatatu, tukiwa tayari Kakamega, tulisikia redioni kwamba polisi walikuwa wamezifunga barabara kuu zinazoingia katikati ya Nairobi. Mabasi yaliyosafiri usiku kucha yalizuiwa pembezoni mwa jiji, abiria wakashushwa, na wengi wakaanza kutembea na mizigo yao. Siku hiyo watu zaidi ya 30 waliuawa, kwa mujibu wa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Miongoni mwao alikuwa msichana wa miaka 12 katika kaunti ya Kiambu. Hakuwa barabarani wala hakuandamana. Risasi ilimfuata ndani ya nyumba yao.

Kifo cha mtoto huyo kinaondoa faraja ya mwisho tuliyonayo sisi wapanga safari, yaani imani kwamba anayetulia nyumbani yu salama. Kinaonyesha pia kwamba swali letu la mezani, "twende au tusiende?", lilikuwa swali la pili. La kwanza ni kwa nini familia ndiyo ibebeshwe mzigo wa kulijibu. Ibara ya 37 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa raia haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Ibara ya 39 inampa haki ya kwenda atakako. Siku ya Saba Saba zilikiukwa zote mbili kwa kizuizi kimoja: ili mwandamanaji asifike mjini, mgonjwa, mfiwa na mchuuzi walizuiwa pamoja naye.

Kuna wanaosema lawama ni ya vijana, kwamba wangekaa kimya barabara zingekuwa wazi. Ninaielewa kauli hiyo, kwa kuwa mimi pia nilikuwa na mama wa kumfikia. Lakini vijana hao waliitangaza siku yao mapema na hadharani, hata mimi nikaweza kuihesabu na kuikwepa. Aliyeificha mipango yake hadi alfajiri ni yule aliyetandaza seng'enge. Kama polisi wangetangaza siku tatu kabla ni barabara zipi zingefungwa, saa ngapi, na magari ya masafa marefu yapitie wapi, waombolezaji wa Busia wangeweza kupanga, na haki ya kuandamana isingepungukiwa na kitu.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Najua kwamba katika nyumba nyingi hesabu imekwisha kuanza: watoto wapelekwe wapi, lini, na nani abaki. Wenye uwezo wataondoka mapema, kama tulivyoondoka sisi, nami sitawalaumu. Ninachoomba ni kwamba kabla ya tarehe hiyo tuwadai walio madarakani ilani ya kweli kwa raia wote, na barabara ambayo hata anayekata tiketi siku ya mwisho anaweza kuipita na kufika salama.