Kodi Isiyoandikwa Katika Mkataba

Mwaka niliohamia Dodoma kufundisha, dalali mmoja alinipigia simu kunieleza kwamba amenipatia apatimenti ya vyumba viwili na sebule kule Ilazo. "Laki mbili na nusu tu, Daktari." Hilo "tu" ndilo lililonigharimu.

Kabla ya kuiona nilitoa shilingi 10,000 za kuonyeshwa, kama nilivyokwisha kutoa kwa nyumba nyingine nne ambazo sikuzitaka. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,500,000. Dalali naye alidai kodi ya mwezi mmoja, kwa kuwa ndiyo desturi. Desturi ambayo hadi leo sijaonyeshwa imeandikwa wapi. Hivyo, godoro langu likiwa bado liko stendi, nilikuwa nimekwisha kulipa 1,800,000. Igawe kwa miezi sita, ndugu msomaji, utaona kwamba laki mbili na nusu imekuwa laki tatu kabla hata ya kuwasha taa.

Fedha hizo sikuwa nazo. Mshahara wangu huja kwa mwezi, lakini kodi yangu hudaiwa kwa nusu mwaka, na pengo lililo kati ya kalenda hizo mbili nililiziba kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo kazini. Niliona haya, mtu mwenye shahada ya uzamivu, kukopa ili nipate pa kulala. Haya hiyo ilipungua nilipowakuta wenzangu wakijaza fomu ile ile kwa sababu ile ile.

Mwenye nyumba wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo, na fedha yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye mabati ya nyumba ya pili uani. Nilipoyatazama mabati hayo ndipo nilipoielewa biashara yetu. Mimi ndiye niliyekuwa benki yake. Nilimkopesha bila riba fedha niliyoikopa kwa riba, na riba hiyo, ambayo yeye haipokei wala haijui, ni sehemu halisi ya kodi ya nyumba ile.

Mengine ni madogo madogo, ila hayaishi. Niliambiwa maji yapo. Bomba kweli lilikuwapo. Katika siku za mgao nilinunua maji kwa dumu, kisha nikanunua simtanki ambalo kulihamisha ni gharama nyingine. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Mlipaji kisheria ni mwenye jengo, lakini mita ipo mlangoni kwangu, na sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumdai mzee yule fedha hiyo.

Miezi sita ilipotimia, kodi ilipanda hadi 330,000. Sababu aliyonipa ilikuwa moja: watumishi wanakuja. Ni kweli. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma makao makuu ulikaa miongo mingi ukisuasua, hadi Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahama. Viwanja, vyumba, hata vibanda vikapata bei mpya. Lakini tulikuwa na sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti upandishaji wa kodi. Ikafutwa mwaka 2005, na mahali pake hatukuweka kinga yoyote yenye meno. Nisingependa irudi ilivyokuwa, maana bei iliyogandishwa humfanya mwenye nyumba aache kukarabati. Ninachotaka ni kidogo zaidi: malipo ya awali yasizidi miezi miwili, na taarifa ya kupandisha kodi itolewe mapema, kwa maandishi.

Nilihamia Nzuguni. Binti yangu, aliyekuwa darasa la tatu, akabadilishwa shule katikati ya muhula. Kwa majuma kadhaa alirudi nyumbani bila kutaja jina la mwanafunzi hata mmoja. Hilo sikulipatia safu katika daftari langu la hesabu.

Mkataba wa sasa unaisha Novemba. Fomu ya mkopo nimekwisha kuichukua.