Safari ya Mafunzo ya Unguja, Zamani na Sasa

Safari ya mafunzo ya Unguja ilikuwa, kwa miaka mingi, sehemu ya masomo ya wanafunzi wa mimea, wanyama na sayansi za bahari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwenyeji wao kisiwani alikuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo chuo hicho kiliianzisha Zanzibar mwaka 1978. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wazima waliowahi kushiriki safari hizo waliulizana kwanza habari za mafundi waliokuwa kazini mle ndani, kisha habari za mtepe uliokuwa umewekwa katika makumbusho ya jumba hilo. Vijana waliokuwa masomoni wakati huo waliuliza mtepe ni nini.

Mtepe ni chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za usumba, bila msumari, chenye tanga la mkeka. Uliowekwa Beit al-Ajaib ulikuwa mfano uliojengwa na mafundi, kwa kuwa mitepe yenyewe ilikwisha kutoweka baharini. Mwanafunzi aliyesimama mbele yake alionyeshwa mnazi, miaa na miti ya pwani vilivyogeuzwa kuwa njia ya kusafiria, na hapo akaelewa kwa nini somo la viumbe wa kisiwa haliwezi kutenganishwa na watu wa kisiwa. Jumba lenyewe lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash. Tarehe hiyo wanafunzi waliiandika na kuisahau, lakini kamba za usumba hawakuzisahau.

Kabla ya kufika mjini palikuwa na somo la melini. Meli za zamani zilikwenda polepole, na abiria walikaa sitahani juu ya mikeka na magunia, upepo ukiwapiga usoni. Mwalimu alikuwa na saa kadhaa za kueleza jambo ambalo darasani halishiki: kina cha maji. Mkondo unaotenganisha Unguja na bara hauna kina kirefu. Zama za barafu, usawa wa bahari uliposhuka kwa zaidi ya mita 100, Unguja ilikuwa ncha ya bara, na chui, kima na paa walifika kwa miguu. Maji yalipopanda wakabaki huko. Pemba ni habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na kisiwa hicho kimekaa peke yake muda mrefu zaidi. Ndiyo maana Pemba haikuwa na chui, ila ina ndege wanne wasiopatikana kwingine kokote duniani, mmoja wao ninga, na ina popo wake mkubwa alaye matunda. Mwanafunzi aliyeyasikia haya huku akiyatazama maji yenyewe chini ya meli hakuhitaji mchoro. Boti za siku hizi huvuka kwa takriban saa mbili, abiria wamefungiwa ndani na kuelekezwa kwenye televisheni. Wepesi wake ni neema kwa mgonjwa na mfanyabiashara. Kwa mwanafunzi umefuta somo zima, na hakuna aliyelitafutia nafasi nyingine katika ratiba.

Kituo cha pili kilikuwa makumbusho ya Mnazi Mmoja, jengo la kuba lililofunguliwa mwaka 1925, na nyumba ndogo ya viumbe iliyo karibu nalo. Ndani ya nyumba ile harufu ilimpokea mgeni mlangoni: dawa ya kuhifadhia, vumbi, ngozi kavu, mbao za makabati zilizofyonza unyevu wa miaka. Katika kioo chake alisimama chui wa Unguja, amekaushwa na kujazwa, mdogo kuliko wengi walivyotarajia, madoa yake madogo na yaliyosongamana kuliko ya chui wa bara. Hapo walimu walinyamaza kidogo, kwa sababu habari ya mnyama yule ni nzito. Watu wa mashamba waliamini kwamba kuna chui wa mwituni na chui wa kufugwa, na kwamba wa kufugwa hutumwa na wachawi kula mifugo na kutisha watu. Baada ya 1964 mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi aliongoza kampeni ya kufichua wachawi na kuua chui wao. Msitu ulikuwa tayari umepungua, bunduki na mitego vikamalizia. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman waliwahoji wanavijiji kwa miaka na kuonyesha jinsi imani hiyo ilivyofanya kazi hatua kwa hatua. Mwanafunzi wa zuolojia aliyekuja akidhani kwamba wanyama hutoweka kwa sababu ya njaa na magonjwa tu alitoka mle na swali jipya. Hili ni somo zito kuliko yote ya safari ile, na leo kundi likipita Mnazi Mmoja hupita kwa basi.

Jozani ilichukua siku mbili. Msitu ule una maji karibu na uso wa ardhi, na ndiyo sababu mitondoo na michikichi yake imesimama pale ambapo pande zote pamezungukwa na nchi ya maweni, yenye udongo haba na vichaka vya kimo cha mtu. Kima punju ndiye aliyewaleta wengi. Zamani alihesabiwa kuwa hazidi 2,000, lakini sensa iliyofanyika katikati ya miaka ya 2010 ilipata zaidi ya 5,800, baadhi yao wakiwa nje ya hifadhi, katika vichaka na mashamba ya watu. Kipo kitendo cha mnyama huyu ambacho walimu walipenda wanafunzi wakione wenyewe. Makundi yanayoishi pembezoni mwa mashamba hula majani ya miembe na mikungu, ambayo yana lishe nyingi na sumu nyingi. Kisha hushuka na kula makaa, kwenye tanuri za wachomaji na hata majikoni, kwa kuwa makaa hunasa sumu ile tumboni. Watoto wa kima hujifunza kwa kuwatazama mama zao. Kwa hiyo kima wa shambani, mwembe uliopandwa na binadamu na mkaa uliochomwa na binadamu vilikuwa jambo moja la kusomwa pamoja. Barabara ya lami inayopita hapo iliwahi kuua kima wengi hadi yalipowekwa matuta katika miaka ya 1990, na vifo vikapungua. Mwaka 2004 msitu na sehemu ya ghuba vikawa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka.

Chwaka ndiko safari ilikokaa. Wanafunzi walilala kijijini, wasichana katika nyumba za wenyeji na wavulana katika madarasa ya skuli, baada ya kwenda kwa sheha kupiga hodi. Asubuhi waliingia mikokoni maji yakiwa yamekupwa, na kujifunza mpangilio wa miti kwa majina yaliyopo kijijini: mlilana mbele kabisa ukitazama bahari, kisha mkoko wenye mizizi ya magongo, msinzi, mkandaa, na mchu uliotapakaa hadi nchi kavu. Tope la mikokoni hunuka yai viza, kwa sababu halina hewa na vijidudu vilivyomo hutoa gesi ya salfa. Harufu hiyo haitoki katika nguo kwa kufua mara moja, na walioshiriki safari hizo bado wanaitaja wakikutana misibani na harusini.

Jioni kundi liliishia dukani. Lilikuwa duka la mawe na bati, karibu na mahali pa mnada wa samaki, na mwenye duka alikuwa mzee mnene wa maneno machache, kofia yake ya kiua haikupata kuvuliwa. Aliuza sukari kwa kuifunga katika karatasi, mafuta ya taa kwa kibaba, boflo, majani ya chai, ndoana, uzi wa nyavu na betri za tochi. Aliwaita wanafunzi wote wanangu na hakumruhusu hata mmoja kukopa. Wavuvi ndio waliokopa, na madeni yao yaliandikwa katika madaftari ya skuli yaliyopangwa juu ya rafu, la kila mwaka peke yake. Mhadhiri mmoja aliyezoea kukaa pale aliomba kuyatazama, akaruhusiwa. Miezi ya kusi, bahari ya mashariki inapochafuka na ngalawa hazitoki nje ya mwamba, madeni yalijaa kurasa. Kaskazi ilipoingia yalifutwa moja baada ya jingine. Ndani ya kila mwezi palikuwa na mawimbi madogo: siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na kuacha nyanda wazi, wanawake walipata chaza na pweza na majina yao yakakatwa. Siku za maji mafu yaliandikwa tena. Ulipoanza ukulima wa mwani, majina ya wanawake yalianza kukatwa kila walipouza, msimu wowote ule.

Daftari lile lilikuwa kumbukumbu ya ghuba kuliko jedwali lolote lililokuwa maktabani wakati huo, na wanafunzi walifundishwa kulisoma. Walikaa juu ya magunia ya mchele na kuuliza: kwa nini mwaka huu kusi imerefuka, kwa nini huyu haonekani tena. Mzee alijibu kwa jina la nahodha, jina la mwamba, jina la upepo. Alikataa kueleza jambo moja tu, nani alishindwa kulipa kabisa. Alipofariki, duka lilifungwa, na madaftari hayakufika katika taasisi yoyote ya kumbukumbu. Hasara hiyo ingeweza kuzuilika kwa nauli ya basi na sanduku moja la kadibodi.

Mwani wenyewe ni mfano wa chuo na kijiji kufanya kazi pamoja. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika na kuhimiza habari zake tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo kilianza pwani ya mashariki kwa mbegu kutoka Ufilipino. Wanawake walipigilia vigingi, wakavuta kamba, wakafunga vipande vya mwani kwa taitai, na pesa ikaingia mikononi mwao. Aina ya kottonii, yenye bei nzuri, ilianza kufa katika maji ya kina kifupi miaka ya 2000, bahari ilipozidi kupata joto. Iliyobaki zaidi ni spinosamu, yenye bei ndogo. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alifanya kazi na wakulima hao kwa miaka, akijaribu njia za kulima kwenye maji ya kina na kuwafundisha kutengeneza sabuni za mwani. Mwanafunzi aliyekaa siku tano kijijini aliona kamba zenye mwani mweupe uliokufa na kusikia hesabu ya hasara kutoka kwa aliyeipata.

Safari iliyoangukia Julai ilifika Makunduchi kwa Mwaka Kogwa. Wengi hukumbuka vijana wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto. Walimu walisisitiza kalenda iliyo nyuma ya sherehe: mwaka wa jua wa siku 365, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao wakulima na manahodha waliutumia kujua siku za kupanda na siku za kusafiri. Mwaka wa mwezi hauwezi kazi hiyo, kwa kuwa huzunguka majira.

Makundi yenye bahati yalivuka hadi Pemba. Huko waliona popo waliokuwa wamekaribia kwisha kwa kuwindwa, na ambao sasa, baada ya vijiji kama Kidike kuwalinda, wanahesabiwa zaidi ya 20,000. Waliona pia Misali, kisiwa ambako wavuvi husimulia kuwa Nabii Hidhri aliwahi kuswali, na ambacho tangu 1998 kimehifadhiwa kwa mafundisho ya dini pamoja na sheria ya serikali.

Miaka ya karibuni haina mengi ya kusimulia. Mahoteli yamejaa pwani ya mashariki na vigingi vya mwani vimesogezwa. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kimekuja, jambo jema. Chumbe, yenye mnara wa taa wa 1904 na matumbawe yaliyohifadhiwa tangu 1994, inapokea watoto wa skuli na kuwafundisha vizuri. Lakini safari ya kundi la chuo kutoka bara imefupishwa ikawa ya siku mbili, wakati mwingine moja. Kundi hushuka asubuhi, hupelekwa Changuu kupiga picha na kobe ambao asili yao ni Shelisheli, walioletwa mwaka 1919, hula chakula cha mchana Forodhani na kurudi na boti ya jioni. Kobe wale ni wageni, kama kunguru walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kula taka na ambao sasa wanakula mayai ya ndege wa kisiwa. Ni aibu kwamba mwanafunzi wa Kitanzania wa sayansi ya viumbe anaondoka Unguja akiwa amemgusa mnyama wa Shelisheli na hajamwona paa nunga hata kwa picha. Wakati huohuo, tangu miaka ya 1990 wanafunzi wa Marekani wa programu ya SIT hukaa Zanzibar muhula mzima, huishi na familia, hujifunza Kiswahili na kuandika utafiti wao wenyewe. Wanastahili sifa. Wa kwetu wanastahili angalau wiki moja.

Sababu inayotolewa ni fedha, na ni kweli fedha hazitoshi. Hata hivyo, safari za zamani zilikuwa maskini zaidi: unga, mchele, mafuta ya taa na fadhila za wenyeji. Idara za mimea, wanyama na bahari zirudishe malazi ya kijijini, zipange tarehe kwa kufuata bamvua badala ya kufuata wikendi, na ziwalipe wazee na akina mama wanaofundisha kule kama zinavyowalipa wahadhiri wa muda.