Tunda: Simu ikiita, sikio lasikia nyuki

Tunda, teritwari ya Kibombo. Silabi moja tu ilimfanya mama mmoja mhami wa vita auze kuku wake sita na sufuria mbili, afunge mizigo, awatoe wajukuu watatu Tunda na kuwapeleka hadi stesheni ya Kibombo kusubiri treni ya kurudi kwao. Silabi yenyewe ni "si".

Shemeji yake aliyebaki upande wa Salamabila, teritwari ya Kabambare, alimwambia kwa simu: "Musikuje kwanza." Yeye akasikia: "Mukuje kwanza."

Majirani wanamwita Koko, na hapa ataitwa hivyo hivyo. Alikimbia wanamgambo pamoja na watoto wa binti yake, akapita Kasongo, akavuka mto Lualaba, akapanda treni Samba na kushuka Kibombo. Kutoka hapo walikuja kwa baiskeli na kwa miguu hadi Tunda, kwa sababu mkwe wake mmoja ni Mtetela wa hapa na aliwapa chumba na kipande cha shamba la mpunga. Wahami wengi wanaijua safari ya namna hiyo. Tofauti ya Koko ni kwamba aliifanya akiwa na kifaa cha kusikia nyuma ya sikio la kulia, na watoto wa Tunda mwanzoni walikuwa wanamfuata njiani ili wakione.

Masikio yake yalianza kupungua zamani, baada ya miezi miwili ya sindano za streptomycin. Alipewa dawa hiyo kwa ajili ya kifua kikuu kilichomrudia mara ya pili. Dawa ilimponya kifua. Lakini streptomycin inaweza kuua chembe ndogo za ndani ya sikio, zile zinazoshika sauti, na chembe hizo zikifa hazioti tena. Siku zile hakuna aliyemwambia. Alisikia ngurumo za filimbi kichwani, kisha ndege wakanyamaza, kisha watoto wakaanza kusema kama watu wenye chakula mdomoni. Ndivyo upotevu huu unavyoanza: sauti nyembamba za juu hutoka kwanza, sauti nene hubaki. Koko bado anasikia ngoma, lori, na mtwangio. Kisichofika kwake ni "s", "f" na "t".

Kifaa kilitoka Ubelgiji, kwa mtoto wa dada yake. Kilikuwa cha bibi mmoja mzungu aliyefariki, na familia yake ilikuwa inakitupa. Kifaa cha kusikia hupimwa kwa sikio la mtu mmoja, kama miwani, hivyo Koko anatembea na masikio ya marehemu asiyemjua. Hata hivyo kilimrudishia mazungumzo ya uani, sala, na kilio cha mjukuu mdogo usiku. Si kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilisema watu milioni 430 duniani wanahitaji msaada kwa sababu ya kusikia vibaya, na walio wengi kabisa kati yao wako katika nchi kama zetu, ambako kifaa kama hicho hakionekani dukani.

Simu ndiyo iliyomshinda.

Wasikilizaji wa redio wanaujua mlio ambao Koko anausikia, ingawa wengi hawajui unatoka wapi. Jioni, redio ikiwa mezani na simu kando yake, taarifa ya habari inaendelea. Ghafla redio inatoa "trrr-tki-tki-tki", na sekunde chache baadaye simu inaita. Simu ya vitufe inayotumia rezo ya 2G haitumi mawimbi yake kama maji ya bomba. Inayatuma kwa vipande, mara 217 kila sekunde, na nyaya za redio iliyo karibu huvigeuza vipande hivyo kuwa mngurumo. Kifaa cha kusikia nacho ni redio ndogo ya namna yake: kina kipaza sauti, nyaya na spika. Ukikigusisha na simu, kinanguruma. Koko anasema ni nyuki walioingia kwenye mtungi.

Na kuna jambo baya zaidi. Simu ikiona mnara uko mbali, inaongeza nguvu ili isikike. Penye rezo nzuri inanong'ona. Penye rezo mbaya inapiga kelele, hadi wati 2. Kwa hiyo mtu wa mjini aliye chini ya mnara anaweza kuongea na kifaa chake bila shida kubwa, na mtu wa kijijini, anayepanda kichuguu nyuma ya soko na kugeuka mara tatu akitafuta vidutu viwili vya rezo, ndiye anayepewa nyuki wengi. Kama mtu angetaka kutengeneza adhabu kwa ajili ya vijiji, asingefanya vizuri zaidi ya hapo.

Koko alijaribu kuondoa kifaa na kuweka simu sikioni. Hakusikia kitu. Akajaribu sauti ya nje. Hapo alisikia, kwa sababu simu ilikaa mbali na kichwa na nyuki walipungua, lakini soko lote lilisikia pamoja naye. Siku binti yake alipomtumia pesa na kutaja kiasi, watu watatu walikuja kuazima kabla jua halijazama, mmoja wao akiwa na barua. Siku alipopewa habari ya kifo cha kaka yake, mwuza sabuni ndiye aliyelia wa kwanza, maana alielewa kabla yake. Koko hakulisahau hilo. Alisema msiba wake uliibiwa.

Tangu siku hiyo akawa anaongea kwa kifupi, akiwa peke yake, kifaa kikinguruma, na kuvumilia. Ndivyo alivyoipokea simu ya shemeji.

Hapa lawama si ya masikio yake peke yake. Simu ya kawaida haipitishi sauti yote ya mtu. Inapitisha sehemu ya katikati, kati ya hezi 300 na 3400 hivi, ya kutosha kutambua maneno. Sauti ya "s" nguvu yake kubwa iko juu ya hapo. Mwenye masikio mazima anaijaza "s" iliyokatwa bila kujua kuwa anaijaza. Mwenye masikio ya Koko hana cha kujazia. Na Kiswahili chetu kimeweka katazo lote ndani ya silabi hiyo: mukuje, musikuje, mulime, musilime, mupite, musipite. Ondoa "si", na onyo linageuka mwaliko.

Alikaa Kibombo siku nne. Treni haikuja, na kwa mara moja katika historia ya reli ile kuna mtu wa kushukuru kwamba haikuja. Siku ya nne alikutana stesheni na familia ya kwao iliyokuwa inafika, si kwenda. Walikuwa na magodoro kichwani.

"Koko, unaenda wapi na hawa watoto?"

"Shemeji alisema tukuje."

Yule baba alimtazama, akaweka godoro chini. "Yeye mwenyewe analala porini wiki ya pili, Koko."

Walirudi Tunda pamoja. Kuku hawakurudi.

Aliyetafuta dawa alikuwa mjukuu wa kike wa miaka 13. Msichana huyo kwanza alikwenda kwa fundi wa simu sokoni, ambaye alikichunguza kifaa akaona kina swichi yenye herufi tatu: O, T na M. O ni kuzima. M ni kipaza sauti. Koko aliwahi kukiweka kwenye T, akaona kimya, akadhani kimekufa, tangu hapo hakuigusa tena. Kumbe T ni koili, waya mdogo uliozungushwa ndani ya kifaa ambao haushiki sauti ya hewani bali sumaku ya spika ya simu. Kwa simu inayofaa, mtu anasikia simu peke yake na kelele ya soko inakatika. Walijaribu na simu ya Koko. Nyuki walizidi. Walijaribu na simu mbili za jirani, ikawa vile vile kwa moja, na afadhali kidogo kwa nyingine.

Simu zinazofaa zipo. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1988 ililazimisha simu za waya zikubaliane na vifaa vya kusikia, simu za mkononi zikaachwa nje. Mwaka 2003 nazo zikaanza kuingizwa, na Oktoba 2024 tume inayosimamia mawasiliano huko iliamua kwamba hatimaye kila simu mpya ya mkononi itapaswa kukubaliana navyo. Kwa miaka mingi alama zake zimekuwa M3 au M4 kwa kipaza sauti, na T3 au T4 kwa koili, zikiandikwa kwenye boksi au karatasi ya simu. Anayenunua simu Kindu kwa ajili ya mzazi mwenye kifaa anaweza kuuliza. Simu nyingi zinazofika Tunda hazina boksi wala karatasi, na zilikwisha kuwa na wenyewe wawili. Kongo nayo ina sheria ya kiorganike nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za mtu anayeishi na ulemavu. Mwuuguzi mmoja alimsomea Koko habari yake, naye akauliza kama sheria hiyo ina pile.

Kwa sababu pile ndilo swali la kila wiki. Kifaa chake kinatumia ile yenye karatasi ya buluu, namba 675. Pile hiyo inafanya kazi kwa hewa: ukibandua karatasi inaanza kuisha, hata usipoitumia, na kuibandika tena hakuokoi kitu cha maana. Inafaa kusubiri dakika moja au zaidi baada ya kubandua, kabla ya kuiweka, ili ivute hewa. Sokoni kuna pile za saa zinazofanana nayo kwa ukubwa, na wauzaji wanaapa ni zile zile. Si zile. Usiku Koko anatoa pile na kuweka kifaa ndani ya chupa yenye mdomo mpana, pamoja na mchele uliokaangwa ukakauka, umefungwa kwenye kitambaa, kwa maana jasho na unyevu wa msimu wa mvua huvila vifaa hivi kuliko uzee.

Jibu la simu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia: kwa kijana anayepiga muziki kwenye arusi. Ana kaske, zile kubwa zinazofunika sikio lote, zenye waya wa zaidi ya mita moja. Msichana aliona waya huo akafikiri kama fundi: nyuki wanatoka kwenye simu, basi simu ikae mbali na kichwa, sauti ije peke yake. Waliichomeka. Koko akavaa kaske juu ya sikio na kifaa chake pamoja, simu ikawa magotini. Mwanzoni kifaa kilipiga filimbi, kwa sababu kilisikia sauti yake chenyewe ndani ya kaske. Wakaisogeza nyuma kidogo mpaka kipaza sauti, kilicho juu ya sikio, kikapata nafasi. Nyuki walibaki mmoja mmoja, kwa mbali. Na sokoni hakuna aliyesikia neno.

Wakatunga pia sheria zao, na shemeji akatumiwa ujumbe wa maandishi ili azijue. Bip moja ni "sisi wazima". Bip mbili, "tafuteni rezo, napiga". Habari ya pesa au ya njia iandikwe, na msichana ataisoma. Na kwenye simu, neno "musikuje" limekatazwa kabisa. Anayetaka kusema hivyo aseme "bakieni", ambalo halifanani na "kuja" hata kwa kiziwi. Koko hurudia kila jambo zito kabla ya kukata, na anayempigia husubiri mpaka arudie. Shemeji mwanzoni alilalamika kwamba inakula inite. Msichana alimwandikia bei ya kuku sita.

Kaske zinaazimwa siku zisizo na arusi, na mwezi wa kuvuna mpunga arusi ni nyingi. Jumapili iliyopita hapakuwa na arusi. Bip mbili ziliingia saa nne asubuhi. Koko alipanda kichuguu, mjukuu nyuma yake akibeba waya usiburute, akakaa, akavaa, akasema kwa sauti kubwa kuelekea magotini: "Nakusikia."

Waliongea dakika sita. Aliuliza juu ya nyumba, juu ya mihogo, juu ya mtu mmoja ambaye jina lake alilitaja polepole. Kisha akasema, "Bakieni?" Akasubiri. "Bakieni. Sawa, shemeji. Tunabakia."

Aliposhuka, mwuza sabuni alimuuliza habari za kwao. "Nzuri," akajibu, akapita. Nyumbani alifungua chupa ya mchele na kuhesabu pile zilizobaki kwenye kadi: nne. Mtoto wa dada yake amesema kuna mtu anayekuja Kindu kutoka Kinshasa kabla ya mwisho wa mwezi.