Kubeba masurufu si aibu, hata Marekani

Wazazi wengi wakipanga likizo huhesabu nauli, malazi na kiingilio, kisha wakasahau chakula. Kumbe chakula ndicho kinachomaliza pesa. Nauli hulipwa mara moja, lakini tumbo halina likizo. Litadai asubuhi, mchana na jioni, na kukiwa na watoto litadai hata katikati ya saa hizo. Mambo ni hivyo kwa familia inayokwenda kutazama wanyama kwetu Nakuru, na ni hivyo zaidi kwa familia inayokwenda Walt Disney World, ile sehemu kubwa ya burudani iliyo karibu na mji wa Orlando, jimbo la Florida, Marekani.

Nayasema haya kwa kuwa Julai 2025 nilimsindikiza mama kwenda kumwona mdogo wangu anayeishi Atlanta na mumewe na watoto wao watatu: binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 10 na kitinda mimba wa miaka mitano. Mdogo wangu hufanya kazi zamu mbili katika makao ya kutunzia wazee. Ndiye pia anayetuma pesa za dawa za mama, ambaye ana ugonjwa wa kisukari na hudungwa insulini kila siku. Kwa hivyo kila dola inayotumika ovyo kule, huku Nakuru tunaiona pengo lake.

Watoto walikuwa wameahidiwa safari hiyo kwa miaka mitatu. Mama yao alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo, na tikiti peke yake zilikuwa zimemkamua. Mtoto wa chini ya miaka mitatu huingia bure, lakini akishafika miaka 10 huhesabiwa kama mtu mzima. Mpwa wangu mwenye umri huo alifurahi sana kuitwa mtu mzima, babake hakufurahi.

Jioni moja kabla ya safari, mdogo wangu alichukua kalamu akaketi nami mezani. Tulikuwa watu saba na tungekaa bustanini siku mbili. Alikadiria dola 15 kwa sahani ya mtu mzima na dola 8 kwa ya mtoto mdogo. Mlo mmoja ulifika dola 98. Ukiongeza mlo wa pili, kiamsha kinywa, maji na vitu vidogo vidogo, siku moja ilipita dola 300. Siku mbili zikawa zaidi ya dola 600, na kwa kuwa dola moja ilikuwa Sh129, hizo zilikuwa zaidi ya Sh77,000. Tena bei inayoandikwa kule haijajumlishwa kodi kama ilivyo madukani kwetu. Kodi huongezwa wakati wa kulipa, na katika mkahawa ambao unahudumiwa mezani, mhudumu naye hutarajia bakshishi ya asilimia 15 hadi 20.

Mdogo wangu aliweka kalamu chini. "Dada, hizi ni dawa za mama za miezi mingapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Ndipo tukaamua kubeba chakula. Sheria za bustani hizo huruhusu mgeni kuingia na chakula chake na vinywaji visivyo vileo, mradi chakula hicho hakihitaji kupashwa moto, hakina harufu kali na hakimo katika vyombo vya glasi. Kisanduku cha kuhifadhia baridi kisizidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46, na barafu ya vipande hairuhusiwi. Badala yake watu hutumia zile pakiti za jeli zinazogandishwa.

Shemeji yangu hakuipenda rai hiyo. "Shemeji," aliniambia, "tumefika Marekani bado tunabeba vyakula kwa mifuko? Watu watasema nini?" Binti wa miaka 13 alimuunga mkono babake. Alisema kuwa iwapo mwenzake wa shule angemwona akila chapati kutoka kwenye mkebe, asingeweza kurudi darasani.

Mama, aliyekuwa amenyamaza muda wote huo, aliweka kikombe chake chini. Alisema alizoea kupanda treni kutoka Kisumu hadi Nairobi na watoto watano, na hakuna hata siku moja aliyopanda bila mayai ya kuchemsha, mahindi na chai ndani ya flaski. "Mwanangu," alimwambia shemeji, "mtu huaibika akiiba. Haaibiki akila chake." Mazungumzo yakaishia hapo, ingawa nyuso mbili zilibaki zimenuna.

Kutoka Atlanta hadi Orlando ni safari ya karibu saa saba kwa gari. Tulikuwa tumekodi nyumba ndogo yenye jikoni mjini Kissimmee, ulio jirani na bustani hizo. Wazazi wenzangu, jikoni hiyo ndiyo iliyotusaidia kuliko kitu kingine chochote. Chumba cha hoteli kisicho na pa kupikia huonekana rahisi kwenye karatasi, kumbe unailipia tofauti hiyo mkahawani kila asubuhi.

Tulinunua vyakula vya siku zote kwenye duka kubwa kwa dola 118. Usiku tulipika chapati za unga usiokobolewa kwa ajili ya mama, tukakaanga kuku na kuchemsha mayai. Tuliongeza karoti, matango, ndizi, matofaa, karanga na paketi ndogo za juisi. Ndengu tuliziacha kwa kuwa hazina ladha zikipoa. Omena ambazo mama alikuwa amezisifu tangu Nairobi hazikuweza kupita kwenye ile sheria ya harufu kali. Asubuhi tulishiba chai na mahamri nyumbani kabla ya kutoka, na kila mtu akabeba chupa yake ya plastiki.

Siku ya kwanza tulikwenda Magic Kingdom, ndiyo bustani ya kwanza kufunguliwa pale, mnamo 1971. Ukishaegesha gari unapanda feri au treni ya reli moja ndipo ufike langoni. Kwa hivyo usijidanganye kwamba utaacha chakula garini urudi kukichukua saa sita. Walinzi walipekua mifuko yetu, wakaziona chapati na insulini ya mama, wakatupisha kwa heshima. Nyuma yetu kulikuwa na familia za Kizungu zilizobeba mikate na visanduku vikubwa kushinda chetu. Nilimwona binti yetu akizitazama, lakini hakusema lolote.

Mnamo saa tano na nusu tulikuwa kwenye foleni, jua la Florida likiwaka kama la Garissa. Nilimwona mama akijishika kwenye chuma cha pembeni. Mikono ilikuwa ikimtetemeka na jasho lilikuwa likimtoka kupita kiasi. Walio na wagonjwa wa kisukari nyumbani wanazijua dalili hizo: sukari ilikuwa imeshuka. Kabla sijafungua mdomo, binti huyo huyo wa miaka 13 alikuwa ameshachomoa paketi ya juisi kutoka mfukoni, akatia mrija na kumpa nyanyake. Baada ya dakika chache tulimketisha kivulini, tukampima, tukampa chapati na kipande cha kuku. Alipopata nguvu, jambo la kwanza alilouliza ni kama tumepoteza nafasi yetu kwenye foleni.

Tungekuwa tunategemea kununua, ingetubidi kwanza kutafuta duka, kisha kusimama kwenye mlolongo mwingine. Tangu saa hiyo shemeji ndiye aliyebeba mfuko wa chakula, na hakumruhusu mtu mwingine kuushika.

Hata hivyo, hatukuwanyima watoto raha ya kununua. Walikuwa wamesubiri miaka mitatu, na mtoto akirudi nyumbani bila kuonja chochote cha pale, ataikumbuka safari hiyo kwa uchungu. Tulipanga mlo mmoja wa kununua kwa siku zote mbili, nao ulikuwa chajio cha siku hiyo ya kwanza. Watoto ndio waliochagua mahali. Kwenye vibanda vya kuagizia dirishani tuliagiza sahani tatu za watu wazima na nne za watoto, tukagawana vibanzi na baga. Tulilipa dola 82 pamoja na kodi, na hakuna aliyelala njaa. Maji hatukununua hata chupa moja, kwani vibanda vinavyouza soda za mashine hukupa gilasi ya maji yenye barafu bila malipo ukiomba. Ukienda na chupa yako, unajaza unapopita.

Siku ya pili tulipumzika nyumbani, na ya tatu tukaenda Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 22, 1998. Humo kuna kijiji cha kuigiza kilichojengwa kwa mfano wa miji yetu ya pwani, hasa Lamu. Kinaitwa Harambe. Mama, ambaye amelisikia neno harambee tangu enzi ya Mzee Kenyatta, alisimama mbele ya kibao akacheka mpaka machozi. Aliuliza 'e' ya pili wameipeleka wapi. Alipoona mkahawa unaoitwa Tusker House, aliuliza kama watoto wanaruhusiwa kuingia. Tulimweleza kuwa pale ni mahali pa bufe, si baa, akasema jina hilo lingewakosesha wateja huko kwao kanisani.

Tuliketi kwenye benchi karibu na hapo, tukafungua mikebe. Wapita njia walitutazama, na mama mmoja Mmarekani akauliza ni chakula gani kile kinachonukia vizuri. Binti yetu ndiye aliyejibu. Alimwambia kuwa ni chapati, kwamba ndicho chakula cha hapa Harambe chenyewe, na kwamba nyanyake ndiye aliyeipika. Kisha akamegewa nyingine. Baada ya chakula watoto walipewa pesa za vitu baridi vya kulamba. Kwa siku zote mbili, vitu hivyo vidogo vilitugharimu dola 36.

Hesabu yetu basi ilikuwa dola 236 badala ya zaidi ya 600. Tuliokoa zaidi ya Sh46,000.

Msomaji, huenda usifike Florida, lakini hesabu ni ile ile. Kwanza, uliza mapema sheria za mahali unapokwenda, kwa maana si kila sehemu ya burudani huruhusu chakula cha nje. Nyingine hukuzuia langoni. Mbuga zetu kama Nairobi na Ziwa Nakuru zina mahali palipotengwa pa kulia chakula ulichobeba, ila uwachunge nyani. Pili, shiba nyumbani asubuhi. Tatu, panga mlo mmoja wa kununua na uwaambie watoto mapema ni upi, ili wasikusumbue kila mnapopita mbele ya kibanda. Nne, kama kuna mgonjwa, mzee au mtoto mchanga, chakula chake kisikae mbali na mkono wako. Tano, usiruhusu haya za watu wasiokujua zikupangie matumizi ya mfuko wako.

Mwezi wa Agosti, tukiwa tumerudi nyumbani, mdogo wangu alituma pesa zile tulizookoa. Zilinunua insulini ya mama na vijiti vya kupimia sukari, na zikabaki za kliniki. Akiba haiozi. Juzi binti yake alipiga simu. Hakutaka kuongea nami, alimtaka nyanyake. Alikuwa amekanda unga, na chapati zake zilikuwa zikitoka ngumu.