Sonara wa Peke Yake

Biashara ya vito ni ndogo kwa uzito na kubwa kwa thamani. Pete ya arusi yenye gramu tano hutosha ndani ya kiganja cha mtoto, lakini huchukua ahadi ya watu wawili na akiba ya miezi mingi. Wafanyao kazi hiyo kwa ushirika hugawana mzigo wake. Aifanyaye peke yake huubeba wote: ndiye mfuaji, mpimaji, muuzaji, mshika daftari na bawabu. Hali hiyo yastahili kuelezwa wazi, kwa kuwa wengi waisifuo hawajaijaribu.

Mbeya na dhahabu ni jamaa wa zamani. Dhahabu ilipatikana katika nchi ya mto Lupa, huko Chunya, mwaka 1922, na mji wa Mbeya ulianza mwaka 1927 kwa ajili ya uchimbaji huo. Mwaka 2019 Serikali ilianzisha masoko ya madini, na Chunya ilipata lake. Hata hivyo, kukaa karibu na mgodi si kupata nafuu ya bei. Dhahabu huuzwa ulimwenguni kwa dola na kwa wakia ya gramu 31.1, ipandapo ng'ambo hupanda Chunya pia, na bwana arusi aliyepatana bei mwezi uliopita hapendi kusikia habari hiyo. Tena, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yataka mfanya biashara ya madini awe na leseni. Kwa hiyo sonara mwenye mtaji mdogo hupenda kazi ya kufua dhahabu ya mteja mwenyewe: mkufu uliokatika, hereni iliyopotelewa na mwenziwe, bangili iliyoachwa na marehemu bibi.

Hapo ndipo jaribio lake kubwa lilipo. Dhahabu huyeyuka kwa joto la digrii 1,064 za sentigredi, na ikisha yeyuka, bangili ya bibi haipo tena. Hapana shahidi ila mzani. Katika kukata, kupiga tupa na kung'arisha, vumbi huanguka. Sonara hutandika ngozi chini ya meza, hufagia sakafu na kuhifadhi taka, lakini uzito wa mwisho haulingani kamwe na ule wa mwanzo. Kadhalika, karati 18 maana yake ni sehemu 18 za dhahabu katika 24. Pete ya gramu tano ina gramu 3.75 za dhahabu, na zilizosalia ni za shaba na fedha. Shaba ikizidishwa kidogo, jicho la mwenye pete halitambui. Katika karakana ya watu wengi, mmoja hupima na mwingine hutazama. Sonara wa peke yake hana wa kumshuhudia akiwa mwaminifu, wala wa kumshitaki akiwa mwizi.

Dawa yake ni kusema kabla ya moto kuwashwa. Yafaa apime mbele ya mteja, aandike uzito katika karatasi mbili, ataje upungufu utakaotokea, na kila mmoja achukue nakala yake. Wako wateja ambao wakisikia neno upungufu huondoka na kumtafuta sonara asiyelitaja. Hasara hiyo ni ya kweli, na njaa iletwayo nayo ni ya kweli vile vile. Lakini aliyebaki amebaki kwa kujua, na aelewanaye na fundi kabla ya kazi hana sababu ya kumtilia shaka baadaye.

Hasara nyingine haionekani katika mzani. Sonara huhesabu kila chembe ya dhahabu, na siku zake mwenyewe hazihesabu. Akipeleka kazi Iringa, mwendo wa zaidi ya kilometa 300, duka la Mbeya hufungwa, na mlango uliofungwa hulipiwa kodi sawa na ulio wazi. Arusi hupungua wakati wa Kwaresima, huongezeka baada ya mavuno ya mahindi na mpunga. Tumbo halina msimu. Ndugu na majirani huona kabati linalometa nao huomba kukopeshwa, wasijue ya kuwa vingi viko humo kwa sababu havijanunuliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika daftari hilo ujira wa mwenyewe hauna budi kuandikwa kabla ya faida.

Iringa hiyo hiyo ina mfano wa njia nyingine. Karakana ya Neema, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, iliwakusanya watu wenye ulemavu wakafanya kazi za mikono pamoja, mapambo ya shanga yakiwa miongoni mwake. Faida ya mahali kama hapo haiishi katika mshahara: mtu ana wa kumwuliza, na kosa la mmoja huwa somo la wote.

Sonara wa peke yake hawezi kuwa na karakana kwa kutamani tu. Awezalo ni kuwaambia wenziwe kweli ya kazi yake: gramu zilizopotea, bei iliyokosewa, deni lisilolipwa. Masonara wengi hufanya habari hizo kuwa siri, na kila kijana aingiaye katika kazi huzinunua upya kwa fedha yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na biashara inayoficha hasara zake huwarithisha wanafunzi wake hasara zile zile.